Kompyuta ya dukani yaanguka kila siku, na mafaili ya "dampo" nimeyafuta mwenyewe. Nisaidieni

Karatasi_Langoni · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Assalam aleikum wana jukwaa. Nina kaduka ka kuchapisha na kutoa kopi hapa Amu (Lamu), upande wa Langoni, dirisha langu latazama bahari. Mashine ya kutegemea ni moja tu: deskitopu ya mtumba, Windows 10, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 120. Mwezi uliopita nikaagiza kijiti kingine cha RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, cha GB 8 kutoka Mombasa, maana msimu wa ritani za kodi za KRA umefika na kila mteja ataka kurasa kumi zifunguliwe kwa pamoja. Kikaja na basi hadi Mokowe, kikavuka na boti, nikakitia mwenyewe.

Siku nne shwari. Ya tano, skrini ikageuka buluu. Tangu hapo ni karibu kila siku. Jana mzee mmoja tulikuwa tumefika mwisho wa ritani yake, nabonyeza kutuma, buluu hiyo! Alinitazama kama niliyemla pesa.

Fundi amepiga Windows upya kwa shilingi 1,500. Kesho yake ikaanguka. Nilisoma mahali kwamba Windows ikianguka huacha faili la ushahidi, nitazame folda ya C:\Windows\Minidump. Kabla ya fundi kuja nilikuwa na mafaili pale, lakini programu ya kusafisha iliniambia ni ya dampo, na mimi dampo nijualo ni pale taka zinapotupwa. Nikafuta yote. Sasa hata folda yenyewe haipo.

Tarehe 30 Juni hiyo yaja. Muuzaji wa kijiti nimeshampigia tukarushiana maneno. Nimrudishie kijiti chake au kuna la kufanya?

Simba_wa_Malindi · saa 3:25 usiku

Virusi hivyo. Piga Windows upya, tia antivirusi ya kulipia, utakuja kunishukuru.

Karatasi_Langoni · saa 3:31 usiku

Kaka, soma tena nilichoandika. Hiyo Windows ina siku sita tangu kuzaliwa.

Mwana_wa_Shela · saa 4:02 usiku

Mimi nasema stima. Kwangu umeme ukicheza mashine hujizima. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, utafute Kernel-Power namba 41. Ukiikuta, ni stima.

Nahodha_Mstaafu · saa 4:40 usiku

Mwana wa Shela hajakosea, ila amesimama nusu ya njia. Namba 41 yasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa heshima. Stima ikikatika utaiona 41, na skrini buluu pia itaacha 41. Kwa hiyo mwanangu, ifungue ndani, kwenye maelezo yake, utafute mstari wa BugcheckCode. Pakiwa na 0, mara nyingi umeme ulikatika au mashine iliganda ikazimwa kwa kitufe. Pakiwa na namba nyingine, Windows yenyewe ilijiangusha na inajua sababu iliyoifanya ijiangushe. Namba hizo zimeandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida, lazima uzigeuze ziwe za hex, hesabu ya kumi na sita. Andika hapa ulizoona.

Karatasi_Langoni · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mjomba, ziko tano: 26, 10, 80, 26, na 0 moja. Hiyo 0 ni ya Ijumaa, naikumbuka, stima ilipotea mji mzima na betri ya UPS ikanisaliti.

Nahodha_Mstaafu · saa 2:00 asubuhi

Basi stima tumeitoa kwenye kesi, isipokuwa Ijumaa. 26 ukiigeuza ni 1A, MEMORY_MANAGEMENT. 10 ni A, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. 80 ni 50, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Zote zazunguka kisima kimoja, kumbukumbu. Lakini namba peke yake haitoshi kumfunga mtu. Draiva mbovu, yaani programu inayoendesha kifaa, nayo yaweza kuleta hizo hizo.

Tuje kwenye dampo lako. Windows ikianguka haiamini tena kitu chochote, hata njia yake ya kawaida ya kuandika mafaili. Hivyo humwaga yaliyomo kwenye kumbukumbu ndani ya pagefile.sys kwenye diski C, na ikiwaka tena ndipo huyatoa pale na kuyatengenezea faili. Sasa niambie, huyo fundi wako alizima pagefile ili SSD ipate nafasi?

Karatasi_Langoni · saa 2:20 asubuhi

Wallahi alinionyesha kwa furaha. "Nimekuokolea GB 10."

Nahodha_Mstaafu · saa 2:34 asubuhi

Alikuokolea GB 10 akakunyima ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced. Kwenye Performance rudisha pagefile ijisimamie yenyewe kwenye C. Kisha shuka hadi Startup and Recovery, chagua Small memory dump, na uondoe alama ya kujiwasha upya yenyewe ili uweze kuisoma skrini. Washa upya. Halafu subiri ianguke, na usiguse kitu cha kusafisha. Fanya kazi yako kama kawaida, hifadhi kila dakika mbili.

Simba_wa_Malindi · saa 2:50 asubuhi

Kwa hivyo dawa ni kuomba iharibike tena? Haya.

Karatasi_Langoni · Alhamisi, saa 12:45 jioni

Simba, dua imekubaliwa. Imeanguka mara tatu. Nimeyasoma madampo kwa programu ya BlueScreenView na kila faili lamtaja mtu wake: la kwanza ntoskrnl.exe, la pili Ntfs.sys, la tatu dxgmms2.sys. Nimepekua, nikaona ya pili ni ya diski na ya tatu ni ya picha. Sasa SSD imekufa, kadi ya picha imekufa, au zote? Pia kuna faili kubwa la MEMORY.DMP la kabla sijabadilisha kuwa Small, fundi alikuwa amelihamishia diski D. Nilipakie hapa mlitazame?

Binti_Mkunguni · saa 1:05 usiku

USILIPAKIE. Samahani kwa kupiga kelele. Faili hilo laweza kubeba vipande vya chochote kilichokuwa wazi wakati huo, na kwako wewe hapo ni PIN za KRA, vitambulisho na nywila za watu. Hata yale madogo mtumie mtu unayemwamini, usiyaanike hadharani.

Nahodha_Mstaafu · saa 1:40 usiku

Binti amesema kweli, yashikeni maneno yake.

Kuhusu majina. Aliyekutwa amesimama karibu na maiti si lazima awe muuaji. BlueScreenView hutaja aliyekuwa jukwaani mashine ilipoanguka. Na ntoskrnl.exe ndiyo moyo wa Windows, hupita kila chumba, kwa hiyo karibu kila msiba utaikuta pale. Mkosaji akiwa ni draiva moja, jina lake hurudi na kurudi. Ile siku ya tarehe 19 Julai 2024, mashine milioni 8.5 hivi zilipoanguka dunia nzima, mafaili ya dampo yalikuwa yakitaja jina moja tu, csagent.sys, draiva ya CrowdStrike. Wewe una maanguko matatu na washitakiwa watatu wasiojuana. Hiyo yanipeleka kwenye chuma, si kwenye programu. Ndiyo maana kupiga Windows upya hakukufaa kitu.

Pakua WinDbg, programu ya kuchambua dampo, ni bure, kutoka duka la Microsoft. Fungua faili la pili, na pale chini andika !analyze -v. Itavuta alama zake (symbols) kutoka kwa seva ya Microsoft, itakula bando kidogo, usiikatize. Nakili sehemu ya mwisho tu.

Karatasi_Langoni · saa 3:30 usiku

Bando "kidogo", mjomba! Haya:

fffff8044a2c1f39 [ 48:4c ]
1 error
IMAGE_NAME: memory_corruption
FAILURE_BUCKET_ID: MEMORY_CORRUPTION_ONE_BIT

Nahodha_Mstaafu · saa 3:48 usiku

Hii ni zawadi, si kila siku hupatikana. Programu imelinganisha msimbo wa Windows uliokuwa kwenye kumbukumbu na nakala safi, ikakuta tofauti ya baiti moja. Palitakiwa pawe 48, pakawa 4c. Tofauti ni 4, yaani biti moja imewaka pasipotakiwa. Draiva mbovu kwa kawaida huharibu kwa fujo, haigusi biti moja kwa adabu namna hii. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kutoka hapo, iache usiku kucha.

Karatasi_Langoni · Ijumaa, saa 1:00 asubuhi

Saa 8 usiku stima ikapotea. Nalia.

Karatasi_Langoni · Jumamosi, saa 1:10 asubuhi

Leo imekamilika. Makosa 312, mekundu skrini nzima, na kila moja tofauti yake ni 00000400. Basi ni kijiti kipya, nilisema! Leo narudisha Mombasa, na safari hii nampigia mbele ya mashahidi.

Nahodha_Mstaafu · saa 1:30 asubuhi

Weka simu chini. Umepima viwili pamoja. Toa kimoja, pima kingine peke yake, kila kijiti katika kila sloti, yaani tundu lake. Ni safari nne. Na kabla ya kugusa, chomoa waya wa umeme kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

Jahazi_la_Pate · saa 4:15 asubuhi

Niulize hapo hapo: laptopu yangu nikiifunika na kuifunua yaleta DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Nayo ni RAM?

Binti_Mkunguni · saa 4:20 asubuhi

Hapana ndugu yangu, hiyo mara nyingi ni draiva isiyoamka usingizini, anza na ya Wi-Fi. Fungua uzi wako, huu una mgonjwa wake.

Karatasi_Langoni · Jumatatu, saa 2:00 usiku

Safari nne zimekwisha. Kijiti cha zamani sloti ya kwanza, safi. Kijiti kipya sloti ya kwanza, safi. Cha zamani sloti ya pili, makosa. Kipya sloti ya pili, makosa. Na kote ni 00000400 ile ile.

Nahodha_Mstaafu · saa 2:12 usiku

Vijiti viwili tofauti, mahali pamoja, biti ile ile. Kijiti kibovu hakimwambukizi mwenziwe. Na tazama, ile tofauti ya 4, 48 ilipokuwa 4c, ndiyo hii hii 4 ya 00000400, baiti ya pili kutoka kulia. WinDbg ilikuwa imeshakuonyesha uzi mmoja wa njia ya kumbukumbu. Sloti yako ndiyo mbovu. Ilikuwa tupu kabla ya kijiti kipya, ndiyo maana hukujua.

Fundi_wa_Gatini · saa 2:40 usiku

Dada, umesema dirisha latazama bahari, na kusi imeshaanza. Mulika tochi ndani ya hiyo sloti. Ukiona ukijani kwenye meno yake, ni chumvi. Nimezifungua mashine za mbele ya bahari hapa Amu, zingine ziko hivyo hivyo. Jaribu brashi laini na spiriti safi ya kusafishia elektroniki, isiyo na maji, iache ikauke kabisa. Meno ya kijiti yasugue kwa raba ya penseli polepole. Mafuta ya bawaba usijaribu. Na uiondoe mashine hapo dirishani hata kama utakosa upepo.

Karatasi_Langoni · Alhamisi, saa 3:00 usiku

Ukijani upo. Nimesafisha, memtest ikapita mara moja, kesho yake makosa mawili. Nimeiziba sloti kwa kipande cha karatasi nisije nikasahau. Natumia GB 8, siku ya tatu haijaanguka, na mzee wa ritani amerudi tukamaliza.

Nifanyeje nipate GB 16?

Nahodha_Mstaafu · saa 3:15 usiku

Kijiti kimoja cha 16 kwenye sloti nzima. Hakikisha kwanza madabodi yako (bodi kuu ya mashine) yakubali 16 kwa sloti moja, aina hiyo hiyo ya DDR. Muuzaji wako anaweza kubadilisha.

Karatasi_Langoni · saa 3:50 usiku

Madabodi yakubali. Nimemwandikia nikamwomba radhi, nikamuuliza kama atachukua vyote viwili anipe kimoja cha 16. Amejibu: "Tuma 2,500 za nyongeza kwanza. Matusi tutayazungumza ukija Mombasa."