Kikao cha ukoo kwa ajili ya mdogo wangu: tumwite nani, tumwache nani?

Dada wa Uyole:
Habari zenu wakuu. Tangu tumzike baba, mdogo wangu yuko nyumbani Tukuyu, halali, haongei na mtu ila mke wake na binamu mmoja anayepakia ndizi Kiwira. Dawa za hospitali anameza. Mshauri wa pale alituambia mzigo huu asiachiwe mke peke yake, ndugu wakutane. Sasa baba mkubwa ameitisha kikao Jumamosi: wazee wa ukoo, balozi wa nyumba kumi, mchungaji. Wifi yangu analia, anasema atageuzwa mshtakiwa, maana maneno ya shamba la chai yameshaanza. Mliopitia haya, tufanyeje?

Mstaafu wa ustawi, Iringa:
Pole sana mwanangu. Kikao kifanyike, ila kisiwe baraza la kutafuta mkosaji. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Iringa na Mafinga, na nimeona wake wengi wakihukumiwa kwa ugonjwa wa waume zao. Inauma.

Kukusanya watu ni tiba inayojulikana. Huko Philadelphia, Marekani, Ross Speck na Carolyn Attneave, huyo mama mwenye asili ya Wadelaware, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakiita ndugu, majirani na marafiki, hata watu 40 na zaidi, kwa ajili ya familia moja iliyokwama. Nanyi hamhitaji 40. Kinachonigusa zaidi ni Tornio, Finland: tangu miaka ya 1980, Jaakko Seikkula na wenzake walizoea kukaa na mgonjwa na watu wake, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya kuombwa msaada, na madaktari wakijadiliana mbele yake. Mdogo wako asizungumziwe chumba cha pili.

Chukua karatasi, andika jina lake katikati, yeye mwenyewe ataje anaowaamini. Binamu wa ndizi akae ubavuni mwake. Wifi yako aje na ndugu yake mmoja. Shamba ni suala la mirathi, lina siku yake.

Kijana wa Makambako:
Dada, balozi mfikirie vizuri. Ni kiongozi wa chama. Kaka yangu aligombea udiwani upinzani, kisha akaugua hivyohivyo. Balozi alipoingia tu, watu wakaanza kuongelea mvua na bei ya viazi hadi chai ikaisha.

Mstaafu wa ustawi, Iringa:
Kweli kabisa. Nyumba kumi kumi zilianzishwa na TANU miaka ya 1960, na wapo mabalozi waliopatanisha ndoa nyingi. Lakini mgonjwa akimwogopa mtu, huyo asiwepo.

Dada wa Uyole:
Shikamoo mzee, asante sana. Nimempigia jioni hii, ametaja watu watano. Baba mkubwa yumo, sikutegemea! Balozi hayumo, nitamwendea mwenyewe kwa heshima. Mchungaji aombe mwanzoni au mwishoni?

Mstaafu wa ustawi, Iringa:
Marahaba. Muulize mdogo wako. Na kwa kuwa halali, msianze asubuhi sana, wala msimkalishe hadi jioni.