Upasuaji wa urembo wa pua: pua bapa na pua yenye nundu hufanyiwa kazi moja?

Kipimapembe:
Wakuu, habari za leo. Naomba mwenye ujuzi atufafanulie. Picha nyingi za kabla na baada ni za pua ndefu yenye nundu iliyopunguzwa. Sasa huku kwetu pua nyingi mgongo uko chini, ncha ni ya mviringo, mabawa (kuta za nje za matundu) yametanuka. Huyo anapunguzwa nini? Kukata mabawa peke yake kunatosha? Ngozi nene inabadilisha nini? Na kwa nini wengine wanatoka na pua kama imebanwa na kibanio cha nguo? Bei siihitaji, nataka kujua kazi yenyewe inavyokwenda.

GegeduLaSaba:
Mkuu, hizo ni kazi mbili zinazokaribia kuwa kinyume. Pua yenye nundu hupunguzwa, pua bapa hujengwa. Fani hii ilikulia kwenye pua za Wazungu, tangu Jacques Joseph alipoanza kupunguza pua kubwa kule Berlin mwaka 1898, na mazoea ya kukata yamebaki hata pale pasipo na cha kukata.

Anza na mjengo. Theluthi ya juu ya pua ni mfupa, ya kati ni gegedu (ile nyama ngumu inayopinda, kama ya sikio), na ncha inabebwa na magegedu mawili yaliyopinda kama upinde, moja kila upande. Katikati kuna ukuta unaotenga matundu, na huo ndio boriti ya nyumba. Juu ya vyote kuna ngozi. Daktari haichongi ngozi. Anachonga kilicho chini yake, kisha anangoja ngozi ikubali kulala juu ya umbo jipya.

Nundu: sehemu kubwa yake huwa ni gegedu, mfupa ni kofia nyembamba tu kwa juu. Mfupa unasagwa kwa tupa, gegedu linakatwa kwa kisu, na mara nyingi ni milimita 2 hadi 4 tu zinazoondoka. Ukishaondoa, mgongo unabaki wazi kama nyumba iliyong'olewa paa, na mtu akipapasa anagusa kingo mbili. Kwa hiyo mifupa ya pembeni inakatwa kwa patasi nyembamba na kusogezwa ndani hadi zikutane. Hapo ndipo wengi wanaharibikiwa: theluthi ya kati ikiachwa bila kuegemezwa, magegedu yake yanaanguka ndani, kivuli cha V iliyopinduka kinaonekana mgongoni na hewa haipiti vizuri. Kinga yake ni vipande viwili vya gegedu, urefu milimita 20 hivi, unene 1 hadi 2, vinavyoshonwa kila upande wa ukuta. Na kabla ya yote hayo daktari atazame shina la pua, kule kati ya macho. Shina likiwa chini sana nundu huonekana kubwa kuliko ilivyo, na kuliinua kidogo kunaweza kupunguza ukataji.

Pua bapa: huyo hana cha kunyolewa, anahitaji mbao, yaani gegedu la kujengea. Mbao za kwanza ni ukuta wa kati, ila lazima zibaki angalau milimita 10 mgongoni na 10 mbele, umbo la L. Ukivuka hapo pua inabonyea kama tandiko la punda. Shida ni kwamba kwenye pua bapa ukuta huo mara nyingi ni mdogo na mwembamba. Gegedu la sikio linapatikana kirahisi lakini ni laini na limepinda, kwa hiyo linafaa kufunika ncha kuliko kubeba mzigo. Nguvu ya kweli iko kwenye gegedu la ubavuni, kwa kawaida ubavu wa sita au wa saba.

Ubavu nao una ukaidi wake, unapinda baada ya kuchongwa. Dawa ni kuchukua kiini cha katikati, kuchonga pande zote sawasawa, kisha kuuacha kwenye maji ya chumvi nusu saa hivi uonyeshe tabia yake kabla haujaingia puani. Wengine huukatakata vipande vya milimita moja au chini ya hapo na kuvifunga ndani ya utando wa msuli wa kichwani. Hivyo haviwezi kupinda, lakini haviwezi kubeba ncha pia. Vinajaza mgongo tu.

Kuna silikoni, inayotumika sana Asia ya Mashariki. Ni rahisi na ya haraka, na kifuani hakuachwi jeraha. Ila haishikamani na mwili: miaka ikipita inaweza kuhama, kupata maambukizi, au kusukuma ngozi ya ncha hadi ikatoboka. Yenye umbo la L inayofika hadi nchani ndiyo mbaya zaidi. Kwa maoni yangu ncha isiguswe na silikoni kabisa.

Ngozi nene: kosa la kawaida ni kupunguza magegedu ya ncha ukitumaini ncha itakuwa nyembamba. Ngozi nene haisinyai kiasi hicho. Utupu unaobaki chini yake unajaa kovu, na juu ya ncha panavimba kama mdomo wa kasuku. Kinachotakiwa ni kinyume chake, kusimamisha nguzo imara katikati ya matundu na kuikaza ncha kwa nyuzi ili gegedu liisukume ngozi na umbo litokeze. Ngozi nyembamba ina adabu nyingine. Haifichi kitu, kila kona ya gegedu inaonekana, kwa hiyo kingo zinalainishwa na mara nyingi zinafunikwa utando.

Pua ya kibanio sasa. Lile gegedu la upinde lazima libaki na upana wa milimita 6 hadi 8. Likipunguzwa zaidi linakosa nguvu, kovu linalivuta, ukingo wa tundu unapanda juu na mtu akivuta pumzi kwa nguvu bawa linajifunga. Kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu kuliko ya mwanzo, maana gegedu la kuazima ukutani huenda limeshatumika.

SistaZamu:
GegeduLaSaba kajibu vizuri, ila swali la mabawa kalipita.

Mabawa hukatwa mwisho kabisa, baada ya ncha kusimamishwa. Ncha ikiinuka, inavuta mabawa na upana unapungua wenyewe. Ukikata mwanzoni utakata kupita kiasi, na nyama ya bawa hairudishwi. Kipimo cha vitabuni, kwamba upana wa pua ulingane na nafasi kati ya pembe za ndani za macho, kisichukuliwe kama sheria. Kwa uso wa Kiafrika, pua pana kidogo kuliko hapo ndiyo inayokaa vizuri na midomo na mashavu. Wenye tahadhari wanaondoa milimita 2 hadi 4 kila upande, na kisu kinapita milimita moja nje ya mkunjo wa bawa, si ndani yake, ili mkunjo ubaki. Mkasi ukiingia sana ndani ya tundu, tundu linaweza kuziba kwa kovu.

Kwa hiyo ukikata mabawa peke yake kwenye pua bapa, unapata pua bapa iliyo nyembamba chini. Mgongo hausogei hata nywele moja.

Kuhusu damu: lidokeni (dawa ya ganzi) yenye adrenalini ya kubana mishipa, 1 kwa 100,000, ichomwe na watu wangoje dakika 10 hadi 15 kabla ya kisu, hata mgonjwa akiwa amelala nusukaputi. Wanaoharakisha wanafanya kazi ndani ya dimbwi. Aspirini na ibuprofeni zisimame wiki 2 kabla (aspirini ya moyo usiiache bila daktari wako), sigara wiki 4. Na ile pamba inayowekwa kooni kuzuia damu isishuke ihesabiwe inapoingia na inapotoka.

Baadaye, dalili ya kukimbilia nayo hospitali ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, pua ikaziba pande zote mbili, na ndani kuna uvimbe laini pembeni mwa ukuta. Hiyo ni damu iliyoganda chini ya ngozi ya ukuta. Isipotolewa siku hiyohiyo gegedu linakosa chakula, linakufa, na mgongo unabonyea.

Mpwani_K:
Vipi wale wanaochomwa sindano ya kujaza mgongo dakika kumi na kwenda nyumbani?

SistaZamu:
Inainua mgongo, ndiyo, na kama dawa ya kujazia ni asidi ya hailuroniki (aina ya jeli) inayeyuka baada ya miezi. Haipunguzi chochote: nundu inafichwa kwa kujaza juu na chini yake, pua nzima inakuwa kubwa zaidi. Hatari yake ni mishipa. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inaweza kuoza, na ikirudi hadi mshipa wa jicho mtu anapofuka. Ngozi ikigeuka nyeupe au ya madoadoa papo hapo, sindano isimame na hailuronidesi, dawa ya kuyeyusha jeli hiyo, ichomwe bila kuchelewa. Mahali ambapo hailuronidesi haipo kwenye kabati, usikae kwenye kiti chao.

Kipimapembe:
Asanteni sana. Moja la mwisho: makovu kwa watu wenye keloidi (makovu yanayovimba na kukua), na baada ya muda gani mtu anaona pua yenyewe?

GegeduLaSaba:
Mkato wa kuingilia, kwenye ngozi iliyo kati ya matundu, kwa kawaida unapona vizuri hata kwa ngozi nyeusi. Wa mabawa ndio wa kuangaliwa, na mwenye historia ya keloidi aseme mapema, pengine mabawa yasiguswe.

Nyuzi zinatoka siku ya 5 hadi 7, na plasta ngumu karibu siku hiyohiyo. Wanaokwenda kufanyiwa Istanbul, Uturuki, wanaondoka na pua iliyovimba, kwa hiyo mpango wa nani atakuangalia ukishafika nyumbani uwepo kabla ya tiketi. Usipenge wiki 2, miwani isikalie mgongo wiki 4 hadi 6. Uvimbe mwingi unaisha ndani ya miezi 3, lakini ncha yenye ngozi nene inadai mwaka mmoja na nusu au hata miwili. Ikibaki imevimba juu ya ncha, baada ya mwezi wa kwanza huchomwa triamsinoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) kidogo sana, sehemu ya kumi ya mililita, chini kabisa karibu na gegedu. Ikichomwa juu juu ngozi inanywea na kupauka. Marudio ya upasuaji hayafanywi kabla ya miezi 12.