Naomba ushauri: kazi ya kuchuja video imeninyima usingizi

Wadau, habari zenu. Niko Nairobi, kwenye kampuni inayochujia mitandao ya kijamii maudhui machafu. Zamu yangu ni ya usiku. Video inakuja, unaamua ibaki au ifutwe, inakuja nyingine: watu kuchinjwa, watoto kuteswa, mambo ambayo hata mke wangu siwezi kumsimulia. Mfumo unahesabu sekunde. Ukikawia msalani, msimamizi anajua.

Siku hizi mlango ukibamizwa nashtuka, na nyama nimeacha kula. Mshauri nasaha yupo, ila ameajiriwa na kampuni hiyohiyo, na kumwona ni lazima utoe muda wako wa chakula. (Tumewekewa pia meza ya tenisi. Eti ndiyo kujali afya yetu.)

Kesi za wenzetu dhidi ya Meta, wenye Facebook, nazifuatilia tangu Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji kama sisi, afungue yake mwaka 2022, lakini mimi sina nguvu za kuhangaika mahakamani miaka nenda miaka rudi. Na siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu, ndicho kiwango cha chini cha Sheria ya Ajira ya 2007. Usingizi wangu hauwezi kurudi ndani ya wiki mbili tu.

Nikileta barua ya daktari wa akili, naweza kuhamishiwa kitengo kingine bila kuachishwa? Ule mkataba wa usiri unanizuia kumweleza daktari ninachokiona? Kuna aliyewahi kulipwa fidia kwa maradhi ya aina hii? Mwezi ujao natakiwa kusaini mkataba mpya, nijibuni kabla ya hapo.