Tupeane uzoefu: Tuliokulia juu ya uwanda, maji yakiwa bondeni

Mjukuu wa Ukingoni (mwanzisha uzi)

Wana Kusini, habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Uzi huu ni wetu tuliozaliwa au kuishi juu ya uwanda wa Makonde: Newala, Tandahimba, Nanyamba na vijiji vyote vya ukingoni, pamoja na ndugu zetu wa Rondo kule Lindi. Mgeni akifika Newala hupelekwa Shimo la Mungu. Anasimama pale, anapiga picha bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, anaondoka. Sisi mteremko ule tuliushuka na ndoo. Naomba tuandike wakati bibi zetu bado wapo wa kutusahihisha.

Kwa asiyejua kwetu: udongo wa juu ni kichanga, unanyonya kila tone. Mvua tunapata, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, lakini mto wa kudumu hakuna. Maji yote yanazama, yanakwenda kutokea kwenye chemchemi chini ya mteremko. Kwa hiyo unaweza kulowa mvua Machi, na Septemba ukakosa maji ya kunawa.

Mimi nilianza kushuka na bibi nikiwa na miaka minane. Bomba lilikuwepo kijiji cha jirani, ila likikauka ndiyo limekauka, wiki hata mwezi. Tuliamka saa nane usiku ili tuwahi zamu. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imetokeza kama ngazi, na bibi alitangulia akikanyaga kwa kisigino. Chini, chemchemi yenyewe ilikuwa shimo dogo tu, kama la kupandia mnazi. Ukichota kata tatu au nne, maji yanakwisha, unasubiri yajae tena huku wengine wamekaa nyuma yako na ndoo zao. Hakuna aliyechota kwa pupa, maana ukitibua tope, wote mnasubiri litulie.

Ndoo ikijaa, bibi alichuma majani mabichi, akayaosha na kuyatandaza juu ya maji yasimwagike njiani. Halafu ngata, halafu ndoo, halafu mlima. Kupanda ilikuwa marufuku kuongea. "Ukiongea, mlima unakuzidi," alikuwa akisema, na yeye mwenyewe hakuongea mpaka tutoke juu.

Siku moja niliteleza karibu kabisa na kufika. Ndoo yote chini. Nililia, si kwa maumivu, niliyalilia yale maji yanavyoingia mchangani bila kuacha hata dimbwi. Bibi alishusha yake, akanigawia nusu, akaniinulia kichwani, tukaendelea. Nyumbani hakumwambia mtu. Ana miaka mingi kaburini na bado nikifungua bomba hapa Dar naikumbuka ile nusu ndoo.

Karibuni, kila mtu na yake.

Mwalimu wa Mbali

Mimi si wa huko, nimekulia Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Nilipangiwa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Newala. Nilipanda basi kutokea Masasi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilivyofika, mama mwenye nyumba akaniletea ndoo moja ya maji akanikaribisha bafuni. Nikaoga yote, nikafua na shati.

Kesho yake mtoto wake akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, yale yalikuwa ya kesho pia." Mama mwenyewe hakusema neno. Aibu ile sijaisahau. Tangu hapo nilijifunza mwendo wa maji ya ndoo moja: yanaosha mboga, yanaosha vyombo, mwisho yananyweshea mche wa mpapai.

La pili ni baridi. Nilidhani Mtwara yote ni joto la pwani. Juni na Julai juu kule asubuhi ukungu unaingia darasani, watoto wanakuja wamejifunika kanga za mama zao. Nilikaa miaka sita. Mwanangu wa kwanza kazaliwa huko.

Wa Bondeni

Nawasalimu ndugu zetu wa juu. Na sisi wa chini, upande wa Ruvuma, tuna la kusema. Mlikuwa mnashuka kwa ajili ya maji, sisi tulipanda kwa kila kitu kingine: hospitali, sekondari, mnada. Mama yangu alipanda na mpunga kichwani, akarudi na muhogo mkavu na korosho.

Dada yangu alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Walimfunga kwenye kitanda cha kamba, wanaume sita wakipokezana mlimani. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kibanda cha shamba la mtu, na wote wakasalimika. Alipewa jina linalotokana na ule mlima. Sasa pikipiki zinapanda, lakini masika mwenye pikipiki bado anakataa.

Binti Mahuta

Bibi yangu alitusimulia kwa nini wazee walichagua juu. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga mti sura ya mwanamke, akausimamisha usiku, asubuhi akakuta ni mtu hai, akawa mke wake. Walipozaa karibu na mto, mtoto alikufa. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda hadi uwandani, wa tatu akaishi. Ndipo wakausiwa wasikae mabondeni penye maji makubwa, kwani huko ni magonjwa.

Hadithi hii si ya jana. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 aliikuta inasimuliwa, akaiandika, na mahali penyewe aliambiwa ni Mahuta. Mimi nimesomea uuguzi, na kila nikifikiria mbu na malale ya mabondeni enzi hizo, naona wazee wale walizika watoto wengi kabla ya kufikia uamuzi ule. Waliona afadhali miguu iumie.

Mwana Rondo

Rondo na sisi tupo, juu ya mita 800, baridi yetu mnaijua. Sisi tulibahatika na msitu. Mivule ilivunwa sana tangu enzi za mkoloni, ila kipande kilichobaki ukiingia jioni unasikia ubaridi wake kabla hujauona.

Usiku kuna komba mdogo analia mle, sauti inarudiarudia. Tukiwa wadogo tulimjua kwa sauti tu. Kumbe ndiye komba wa Rondo, ana uzito wa gramu 60 hivi, na wataalamu walimtangaza rasmi kuwa aina ya pekee miaka ya 1990. Anapatikana misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na yuko hatarini kutoweka. Ndugu zangu wa Mnara na Chiponda mnaosoma hapa, tusikate miti ya mle kwa mkaa. Nawaomba sana.

Mama Wawili

Mimi bado nipo, Tandahimba vijijini. Maji ya bomba yanasukumwa toka Mitema, bonde la Kitangari, mpaka huku juu, siku hizi yanafika zaidi ya zamani. Yasipofika tunategemea kisima cha kuvunia mvua. Mnaotaka kuwajengea wazazi, jambo moja: mikorosho inapulizwa salfa kuanzia Mei, na unga wake unatua kwenye mabati yote. Mvua ya kwanza msiiingize kisimani. Mwaka wa kwanza hatukujua, maji yakawa na ladha ya kiberiti, tukayamwaga yote tukalia.

Mjukuu wa Ukingoni

Ahsante dada yangu Mama Wawili, hilo la salfa nampigia mama leo hii, fundi anaweka mfereji wiki ijayo. Na wewe Wa Bondeni, hilo jina la mtoto tutajie, na kama dada yupo, mfikishie salamu zetu.