Binti yangu kila kitu ni "vyovyote mama"

MamaGenge_Ipagala:
Habari za humu. Juzi nilikwenda stationery na binti kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, maana dirisha limefunguliwa. Kijana akafungua mfumo, akauliza, "Dada, nikuwekee ipi?" Binti akanigeukia mimi. "Vyovyote mama." Foleni nyuma inaguna. Tukatoka bila kubadili kitu, na hela nimelipa.

Baba yake anataka PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), awe daktari. Wimbo huo tangu darasa la tatu. Fizikia kapata D. Na mimi nikiri: mpaka nguo za sikukuu namchagulia, akishika ya njano nasema hiyo inachafuka upesi. Nianzie wapi?

Mwl_Kondoa:
Pole mama. Nashika dawati la ushauri shuleni mwaka wa 9 sasa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, miaka ya 1960 alitofautisha mzazi wa amri, mzazi anayeachia tu, na yule anayeweka mipaka huku anasikiliza. Ninaowaona mimi, mtoto wa amri hajui anachopenda kwa sababu hajawahi kuulizwa. Ila aliyeachiwa naye hukwama vilevile, anafuata rafiki zake. Kwa D hiyo PCB itamtesa. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa 49 zikafika 65, someni orodha yote nyumbani, siyo kwenye foleni.

FundiFriji:
Mimi baba alinichagulia sheria. Niliacha mwaka wa pili, hatukusalimiana mpaka Idi. Kilichonisaidia ni kukaa siku tatu kwa fundi mmoja pale Majengo, nikishika spana. Mpeleke akaone kazi za watu kwa macho.

Mkaguzi77:
Mnawaonea wazazi. Mtoto wa miaka 17 anajua nini? Uhasibu nilichaguliwa na mama, nililia sana. Leo nipo Mtumba, mji wa serikali Dodoma, mshahara unaingia.

FundiFriji:
Mkuu, umesema mwenyewe ulilia.

MamaGenge_Ipagala:
Asanteni. Leo nimemwachia genge, apange bei mwenyewe. Nyanya kafunga nne nne kwa mia tano. Mimi huweka tano. Nikameza mate. Kufika saa sita mchana zimeisha. Jioni kaniuliza, "Mama, kwa tano tano ulikuwa unapata faida gani?" Tukakaa na daftari mpaka taa ikazimwa.

Baba yake bado sijamwambia.