Khitma, wakwezi na wageni wa Dar siku moja: nipangeje?

Mwenye_Shamba_Pongwe
Asalaam aleykum wadau. Jumamosi ijayo kuna khitma hapa kwetu Pongwe, Tanga, watu kama 80, chakula baada ya sala ya adhuhuri. Siku hiyo hiyo wakwezi wameahidi kuja kuangua minazi 60, na nikiwaahirisha sitawapata tena hivi karibuni. Kuna ng'ombe wawili wa kukamua. Sasa shemeji kapiga simu toka Dar, wanakuja "gari moja", na gari moja la Dar mnalijua. Nina sufuria la kupikia kilo 10 za mchele na jingine la kilo 5. Mbuzi yupo, kama kilo 25 akiwa hai. Niweke mchele kiasi gani, nianze na lipi, na watu wakizidi nifanyeje nisiaibike?

Bi_Mwanahawa_Ngamiani
Wa aleykum salaam mwanangu. Pika pilau, wali wa nazi achana nao. Wageni wa safari hawajui saa ya kufika, na wali wa tui kwa joto letu hili ukikaa mpaka alasiri unaanza kuchacha.

Kilo moja ya mchele hesabu watu sita hadi saba wazima, sinia moja watu wanne au watano. Kwa watu 80 ni kilo 12 hivi. Usizigawe sawa kwa sawa. Sufuria kubwa litie kilo 10 moja kwa moja. Lile dogo kaanga viungo, tia nyama na supu yake, kisha liache hapo. Mchele wake uoshe uweke kando, usiutie mpaka watu wameanza kuingia na umeona idadi yao. Tangu mchele uingie hadi uive ni kama dakika 45, na hizo zinamalizika watu bado wako kwenye dua. Wakiwa 75, unapika kilo 2. Wakiwa 105, unapika 5. Kibaya ni kuongeza maji kwenye sufuria lililokwisha kukauka ili "lizidi". Halizidi, linakuwa bokoboko lisilo na ngano.

Vipimo vya kilo 10: nyama kilo 8, vitunguu maji kilo 2, viazi kilo 3 au 4, vitunguu saumu vichwa 10, tangawizi robo, bizari nzima gramu 100 hivi, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga kwa kukadiria, mafuta lita moja na kidogo. Chumvi onja kwenye supu kabla ya mchele. Supu iwe imezidi kidogo, maana mchele utainywa. Kitunguu maji ndicho kinachotoa rangi: kikaange mpaka kiwe kahawia, na saumu na tangawizi ziingie baadaye, la sivyo zinaungua na pilau zima linakuwa chungu.

Maji, supu ikiwemo ndani yake, lita 15 kwa kilo 10. Nyumbani tunazoea vikombe viwili kwa kimoja, lakini sufuria kubwa halipotezi mvuke hivyo. Mchele mpya wa Mombo punguza hata lita moja.

Saa zenyewe: mbuzi achinjwe baada ya sala ya alfajiri, nyama iwe motoni saa 1 na nusu. Saa 4 unakaanga vitunguu. Mchele uingie saa 5 kasorobo. Maji yakikaribia kukauka toa kuni zote chini, bakiza majivu ya moto, funika kwa majani ya mgomba halafu mfuniko, palia makaa juu. Pilau likipaliwa linasubiri watu bila kuharibika.

Mkwezi_Mstaafu
Hapo juu kasema yote ya jikoni. Mie nizungumzie minazi.

Usiwafukuze wakwezi, ila wapangie. Waanze saa 12 na nusu kulipopambazuka vizuri, na waanze na minazi iliyo karibu na nyumba na njia, wasogee kwenda mbali. Saa 4 watu wakianza kuja wewe kule mbele umeshamaliza. Wengi hufanya kinyume chake, ndiyo unaona turubai limefungwa chini ya mnazi wenye nazi kavu. Turubai halizuii nazi. Kama kuna mnazi unaoelekea watu watakapokaa, teremsha na makuti yaliyokauka pia, si nazi tu. Mvua ikinyesha usiku, subirini shina likauke, hata kama ni saa 3. Vidato vya kupandia vyenye maji vinateleza.

Waambie mapema unataka nini juu: nazi kavu za kuuza, na madafu 30 hadi 40 ya wageni. Madafu yateremshwe kwa kamba, kichala kizima. Yakirushwa yanapasuka na maji yanaishia mchangani. Koroma, yaani nazi ambayo haijakomaa vizuri, waiache mtini. Tui lake jepesi na mnunuzi atakukatalia. Nazi iliyokomaa ukiitikisa unasikia maji yanacheza.

Kufua si lazima siku hiyo. Nazi na makumbi yake inakaa wiki kadhaa kivulini bila neno. Fua chache za jikoni, vifuu vyake vitunze: makaa ya vifuu ni makali na ndiyo mazuri ya kupalia pilau. Angalia tu usiyarundike mengi juu ya sufuria moja.

Daktari_wa_Mifugo_Muheza
Ng'ombe ndio hulipa gharama ya siku kama hizi. Akamuliwe saa yake ya kila siku na mtu yule yule. Kelele na watu wageni zizini humfanya abane maziwa, na yanayobaki kwenye kiwele huchangia ugonjwa wa kiwele. Funga mlango wa banda, watoto wa mjini watatazama nyuma ya uzio. Maziwa ya asubuhi yafike kituo cha kukusanyia maziwa ndani ya saa mbili tatu. Yakisubiri mpaka umalize kuchuna mbuzi, yatakwama kwenye kipimo cha spiriti, kile cha kuona kama yameanza kuchacha. Ya chai toa kabla, yachemshe.

Mbuzi anyimwe majani tangu magharibi, maji apewe. Utumbo ukiwa mwepesi ni rahisi kumpasua bila kuchafua nyama. Wa kilo 25 atakupa kilo 11 hadi 12 pamoja na mifupa, kwa hiyo anatosha sufuria zote mbili, ziada hamna.

Na makombo ya pilau usimpe ng'ombe, tafadhali. Wanga mwingi kwa mkupuo unachachuka tumboni, asubuhi unamkuta amelala, hataki kula, anaharisha. Wape kuku. Maganda ya mihogo mabichi vilevile usimpe ng'ombe, yaanike kwanza juani mpaka yakauke.

Mwenye_Shamba_Pongwe
Nashukuru sana wote, shikamoo Bi Mwanahawa. Mawili tu. Hao wa Dar wakifika saa 10 jioni pilau limekwisha? Na sufuria likinukia kuungua?

Bi_Mwanahawa_Ngamiani
Marahaba. Likinukia, usikoroge hata mara moja. Teka la juu upesi lihamie kwenye chombo kingine, ukoko uache chini ulipo. Na ukikuta juu mchele bado una kiini, nyunyiza kikombe cha maji ya moto, si ya baridi, funika tena dakika kumi.

Wa saa 10 wapikie mihogo ya nazi. Ing'oe asubuhi hiyo hiyo, kilo 6 zilizomenywa kwa watu 15, nazi sita. Toa mzizi wa katikati. Chemsha kwanza kwa tui la pili na chumvi, ikilainika ndiyo unatia tui zito, moto mdogo, bila kufunika, ukilitikisa sufuria. Tui zito likichemka kwa nguvu linakatika. Lakini shambani kwako kama kuna mihogo michungu, hakikisha anayeng'oa anaijua miche. Ile haipikwi mibichi.

Mkwezi_Mstaafu
Maji hakuna aliyeyataja. Weka madumu 20 ya lita 20 tangu Ijumaa jioni, mbali na ya udhu. Asubuhi bomba la mtaa lina foleni, na wanaoosha masinia ndio watakaokosa.