Masharti ya korona yamelegezwa (2021), mnarudi madukani au bado mnaagiza?

BintiWaMwisho
Habari zenu wadau, nina swali na naomba nisipigwe mawe. Masharti yamelegezwa, maduka yote yako wazi, ule utaratibu wa kuhesabu watu mlangoni umeondolewa na barakoa eti sasa ni hiari yako. Mimi tangu janga lianze karibu kila kitu naagiza kwa simu, kinaletwa mlangoni, nalipa hukohuko kwenye simu, sionani na mtu. Sasa kwa kweli nimechoka, unaagiza hiki unaletewa kile, nguo kwenye picha nzuri ikifika haikai mwilini, viatu ndo usiseme kabisa. Natamani niingie dukani nishike kitu kwa mkono wangu, nikikipenda nichukue nisipokipenda nirudishe palepale.

Shida ni kwamba naishi na mama, ana miaka sabini na kitu halafu ana kisukari. Chanjo kapata zote mbili, na mimi pia. Lakini nikifungua habari naona huyu anasema imeisha, yule anasema kuna hiki kirusi cha Delta kinaambukiza haraka kuliko vya mwanzo. Kaka yangu ananiambia naogopa kivuli changu, dada yangu ananiambia nikienda dukani nisimsogelee mama. Nipo katikati sijui nimsikilize nani.

Nyie mnaamuaje? Mnaangalia nini hasa kabla ya kuingia? Na bado mnafuta vitu kwa dawa mkivileta nyumbani maana mi nafuta kila pakiti mpaka mikono imechubuka.

Mbishi_Original
Dada nenda. Ingekuwa hatari wasingefungua. Watu wamejaa madukani na kesho wanarudi tena. Mnajitesa bure na hizi habari za kwenye simu.

NesiZamuYaUsiku
@Mbishi_Original mkuu hapo sikubaliani na wewe. Wanapolegeza masharti wanaangalia vitanda vya hospitali, wanaangalia watu wangapi wamechanja, wanaangalia na biashara zinazokufa, ni hesabu ya watu wote kwa pamoja na ni hesabu halali tu. Ila kwenye hesabu hiyo mama yake BintiWaMwisho ni namba moja kati ya mamilioni, na nyumbani kwao mama ni huyo huyo mmoja. Kwa hiyo ruhusa ipo, lakini hesabu ya nyumba yako utaipiga mwenyewe.

Sasa dada nikujibu. Nianze na hilo la kufuta pakiti maana ndo rahisi: acha. Mwanzoni kabisa mwaka 2020 walipima maabara wakakuta kirusi kinaweza kukaa kwenye plastiki na chuma mpaka kama siku tatu, kwenye kadibodi siku moja, dunia nzima ikaanza kuosha mifuko. Lakini maabara wanaweka kirusi kingi makusudi na mazingira yametulia, maisha hayako hivyo. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, mwezi wa nne mwaka huu 2021 wamesema ukigusa kitu chenye kirusi uwezekano wa kuambukizwa kwa njia hiyo kwa ujumla ni chini ya 1 kati ya 10,000. Nawa mikono kwa sabuni ukifika, kama sekunde 20, inatosha, na hiyo mikono iliyochubuka paka mafuta ipone.

Kinachoambukiza zaidi ni hewa. Mtu akiongea, akicheka, akikohoa, anatoa vitone vidogo sana ambavyo vingine havidondoki chini, vinaning'inia hewani. Fikiria moshi wa sigara. Ukiingia chumba kimefungwa na mtu alikuwa anavuta humo hata kama ameshatoka unausikia, nje kwenye upepo husikii kitu. Kwa hiyo ukifika mlangoni mwa duka jiulize hilo tu, kama kungekuwa na mtu anavuta humu ndani moshi ungeenda wapi? Halafu jiulize utakaa muda gani na kuna watu wangapi. Na usisubiri kusikia mtu anakohoa ndo ujihadhari, mwenye korona anaanza kuambukiza siku moja mbili kabla hajajisikia vibaya, wengine hawaumwi kabisa.

Chanjo zenu ni jambo kubwa sana, hapo mmeshapunguza sehemu kubwa ya balaa, maana inazuia vizuri kuumwa sana na kufa. Ila haizuii asilimia zote kuambukizwa, na mwili wa mtu mzima wa miaka sabini wenye sukari hauitikii chanjo kwa nguvu kama wa kijana. Ndo maana nasema nenda, lakini nenda na barakoa nzuri hata kama wenzako wote wako wazi. Ya kitambaa inasaidia zaidi kuzuia vitone vyako visitoke. Ukitaka kujikinga wewe tafuta N95 au FFP2, zile barakoa zinazochuja hewa, ila ibane pembeni mwa pua, ukiona miwani inajaa ukungu ujue hewa inapita juu na umevaa pambo.

Zuhura_K
Nesi umenifundisha kitu hapo kwenye miwani 😂 siku zote nilidhani miwani ndo mbovu

KeshiaMchovu
Ngoja na mimi niseme maana nyie mnaliona duka kwa upande wa wateja, mi nakaa nyuma ya kaunta. Dada, watu wanaogopa kule ndani kwenye rafu, wanatembea wamebana pumzi, kumbe pale unapita tu na kila mtu ana hamsini zake. Pa kuogopa ni foleni. Kwenye foleni umesimama, wa mbele kasimama, wa nyuma kakusogelea mpaka unamsikia anavyopumua, mashine ya kadi imegoma, mtu kasahau kitu kakimbia kukifuata, dakika zinaenda. Zile alama za miguu chini za kuachiana nafasi zimeshabanduka na hakuna anayeweka nyingine. Ukija duka likiwa tupu foleni hiyo hutaikuta. Njoo katikati ya wiki, ile saa ya kwanza tukishafungua, sio wikiendi na sio siku za mwisho wa mwezi watu wakishapokea mshahara, hizo siku hata mi ningekuwa na uwezo nisingekuja.

Kile kioo cha plastiki mbele yetu nacho msikitegemee sana. Mteja akiona simsikii anazunguka pembeni, anashusha barakoa, ananiongelea sikioni. Kila siku! Halafu analamba vidole afungue mfuko. Yani analamba, anafungua mfuko, ananipa hela. Mi nakaa pale zamu nzima na wateja wanabadilika, kwa hiyo mkivaa barakoa hizo dakika zenu chache mnatusaidia na sisi.

Na vyumba vya kujaribia nguo. Kwetu vimefunguliwa, lakini ni kachumba kana pazia, hakana dirisha, katoka huyu kaingia huyu hapohapo. Mi naona bora uvae nguo nyepesi ya kubana halafu ujaribie koti au sketi juu yake mbele ya kioo cha huku nje, au chukua ukajaribu nyumbani ila uliza kabla ya kulipa kama wanapokea ikirudi, sio maduka yote yanapokea. Viatu havina shida, unajaribia popote, we kaa karibu na mlango.

Mbishi_Original
Sasa mtu akifuata yote hayo si bora abaki kwake

Mtu_wa_Vipimo
Mbishi hapana, ukizoea hufikirii tena, ni kama kufunga mkanda wa gari tu. Mi niongezee kuhusu hewa. Kuna tumashine tudogo tunapima hewa ukaa, hewa tunayoitoa tukipumua. Nje inasoma mia nne na kitu, ndani watu wakiwa wengi na hewa haibadilishwi inapanda, ikipita 1,000 ujue sehemu ya hewa unayovuta imeshatoka kwenye mapafu ya wenzako. Haipimi korona, inakuonyesha tu kama hewa inazunguka. Nimezunguka nayo mfukoni nikashangaa, duka kubwa lenye paa la juu na milango inayofunguka kila saa linasoma vizuri, halafu kaduka kadogo kazuri kametulia kamefungwa na kiyoyozi kinapuliza ubaridi, namba iko juu hatari. Viyoyozi vingi vinazungusha hewa ileile. Baridi sio hewa safi. Sio lazima ununue kamashine, we angalia mlango uko wazi au umefungwa na dari iko juu au inakugusa kichwa.

Salum_wa_Pili
Jambo moja hamjalisema. Tukikaa nyumbani tunaagiza ile hatari haijapotea, kabeba yule anayetuletea na yule anayekusanya oda ghalani wamebanana. Sisemi dada aache kuagiza, kwa mwenye mzazi mgonjwa inaeleweka kabisa, ila sisi wenye afya na chanjo zetu tunaojiita waangalifu tujue uangalifu wetu kuna mtu anaulipia. Mi nilianza kurudi kwa hilo. Na upweke pia nisidanganye, nilikuwa naongea na mashine tu.

BintiWaMwisho
Asanteni sana wote, hata Mbishi. Nimewasomea baadhi mama hapa, nikamwambia basi nitaenda katikati ya wiki asubuhi na mapema, niko fasta, natoka. Akanitazama akaniuliza na mimi je? Kumbe muda wote huu namlinda hajawahi kuulizwa, anasema amechoka kuchaguliwa nguo na mtoto, anataka kwenda kushika vitambaa mwenyewe. Sasa hapo nimeishiwa maneno. Nesi nifanyeje, nimkatalie?

NesiZamuYaUsiku
Usimkatalie, ni mtu mzima na akili zake anazo. Mwambie hatari ilivyo kama nilivyokwambia wewe, halafu aamue. Kama maambukizi kwenu wiki hiyo yanapanda msubiri kidogo, yakishuka nendeni, hilo ndo la kuangalia kwanza kabla ya duka lenyewe. Barakoa ya maana imbane vizuri, mumjaribishie nyumbani kwanza aone kama anaweza kuvuta pumzi akitembea nayo. Duka moja tu, lenye mlango wazi, mkikuta limejaa mnageuza, msione aibu kugeuza. Na foleni usimame wewe, yeye akusubiri nje.

KeshiaMchovu
Viti tumerudishiwa, kimoja kiko nje kabisa pembeni ya mlango. Mlete mama, nitamwonyesha vitambaa mwenyewe maana saa hizo tunakuwa hatuna kazi.

Mbishi_Original
Haya nimewaelewa, mwacheni mama aende. Ila mi barakoa sivai

KeshiaMchovu
Basi ukija panga foleni kwa mwenzangu